Harusi ya Kuwahi Masika

Gunia la vitenge lilidondoka kutoka juu ya keria ya basi, likampiga mwanamume mmoja begani. Alipiga kelele, lakini si kwa ajili ya bega.

"Kasha! Jamani, kasha langu! Msilikanyage, lina makohozi!"

Stendi nzima ya Kasulu ikarudi nyuma. Ilikuwa siku ya soko, mwaka 1975, na watu walikuwa wamejaa kama siafu: wauza maharage, wauza asali, mbuzi waliofungwa miguu, utingo wanaogombania abiria. Katikati ya uwazi uliobaki alisimama Adija binti Khatibu, gauni lake la maua ya manjano limeingia vumbi jekundu mpaka magotini, kanga imekazwa kiunoni kwa ajili ya kazi. Gunia lilikuwa lake.

"Makohozi?" akasema. "Mtu mzima unasafiri na makohozi kama mtu anayepeleka zawadi ukweni?"

"Ya wagonjwa, bibie. Nayapeleka kupimwa kifua kikuu. Gunia lako lingeyamwaga, leo soko zima lingekohoa."

"Gunia langu halina miguu. Mgombeze utingo aliyelisukuma."

"Utingo hajanikejeli. Umenikejeli wewe."

Adija alimtazama vizuri. Kijana mrefu, nywele zimechanwa zikasimama, shati jeupe lililopigwa pasi hadi likawa na makali, suruali ya pekosi iliyomeza viatu. Kifungo cha pili cha shati kilikuwa kimeng'oka kwa kishindo cha lile gunia, na uzi ulikuwa unaning'inia.

"Njoo dukani kwetu," akasema bado amekunja uso. "Duka la Khatibu, njia ya msikitini. Nitakushonea kifungo bure, usije ukarudi ulikotoka ukasema watu wa Kasulu hawana adabu."

"Watu wa Kasulu siwajui. Wewe bado nakupima."

Adija alimlaani kimoyomoyo njia nzima hadi dukani. Alasiri haijaadhiniwa, kijana akawa amesimama mlangoni na kifungo mkononi.

Jina lake Isihaka, tabibu msaidizi katika hospitali ya Kibondo. Tangu siku ile vifungo vyake vikawa havikai. Kila alipotumwa Kasulu, kimoja kilikuwa kimekatika. Mzee Khatibu, baba yake Adija, alikaa kwenye kiti chake cha mlangoni, kofia ya vito kichwani, sigara kidoleni, akatikisa kichwa.

"Kijana, mashati yenu huko Kibondo hushonwa kwa nini? Kwa mate?"

Kwa zile siku asizokuja, ilikuwapo simu. Adija alikwenda posta, na Esteri, karani wa simu, akamwunganishia Kibondo, kisha akakaa kusikiliza bila hata kujificha.

"Haloo! Adija! Unanisikia?"

"Nakusikia wewe pamoja na upepo."

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe umekula, au umeshinda na makohozi yako?"

"Nimeikumbuka pilau yako mpaka ugali wa leo umeniona mgeni."

"Mwongo mkubwa!" akacheka Esteri katikati ya waya. "Haya, wapenzi, muda umekwisha."

Mambo yangeendelea hivyo hadi harusi, kama si kikohozi cha Mzee Khatibu. Alikuwa amevuta sigara tangu ujana wake Ujiji, na nyumba nzima ilikizoea kikohozi chake kama inavyozoewa saa ya ukutani. Isihaka hakukizoea. Siku moja akiwa anashonewa kifungo alimshika mzee mkono, akazitazama ncha za vidole zilizovimba kama vichwa vya marungu.

"Mzee, kikohozi hiki kina muda gani?"

"Kina umri wako. Kiheshimu."

Isihaka hakucheka. Alimshikilia mzee mpaka akapigwa picha ya kifua, na picha ikaonyesha kivuli katika pafu la kushoto. Majibu kamili hayajarudi, mzee akaanza kuamka na maumivu ya kichwa, anatapika kabla ya chai, na ndara ya mguu mmoja ikaanza kuburuzika sakafuni. Ikasemwa kuwa ni saratani ya pafu, na kwamba imepanda hadi kwenye ubongo. Dawa iliyobaki ilikuwa mionzi, na mionzi ilikuwa Nairobi. Isihaka aliomba ruhusa kazini akamsindikiza mwenyewe: basi hadi Mwanza, meli hadi Kisumu, kisha garimoshi.

Adija aliachwa na duka, yeye na shangazi yake Mwajabu, kwa kuwa mama yake alikwisha fariki zamani. Nyumba ilipooza. Yeye na baba yake walikuwa watu wa kugombana asubuhi na jioni: juu ya sigara, juu ya kupanga majora ya kitambaa, juu ya redio iliyopigwa kwa sauti kubwa. Sasa aliyapanga majora atakavyo na hapakuwa na mtu wa kumwambia amekosea.

Waliporudi, Mzee Khatibu alishuka kwenye basi kwa miguu yake miwili, hakuna unaoburuzika. Nywele zilikuwa zimepukutika zote.

"Wanakulaza chini ya jitu la chuma!" aliwaeleza majirani, mikono hewani. "Linanguruma, wewe huhisi hata joto. Kichwa changu sasa chepesi kama cha mtoto!"

Adija alimvuta Isihaka nyuma ya duka. "Amepona?"

Isihaka alitazama viatu vyake. "Kichwa kimetulia."

Adija alilichukua jibu hilo kuwa ndiyo, akalia kwa furaha kwenye shati lake.

Baada ya hapo Isihaka akawa mtu mwingine. Utani ulipungua, haraka ikazidi. Posa ilikuwa imekwisha kukubaliwa kabla ya safari ya Nairobi. Yeye sasa alitaka ndoa.

"Tuoane mwezi huu, Adija."

"Mwezi huu? Mvua hizi? Barabara ya Kigoma imekatika, jamaa wa Ujiji watakuja kwa kuogelea? Baba anataka ngoma na watu. Tungoje masika yaishe."

"Tusingoje."

"Kwa nini?"

"Nimechoka kukupenda kwa simu."

Maneno yalikuwa matamu lakini sauti haikuwa na utamu. Adija akaanza kutilia shaka. Shangazi Mwajabu naye, ukimwuliza habari ya harusi, anafuta machozi na vitunguu havijamenywa. Watu walimwamkia Mzee Khatibu kwa upole mno, wakimshika mkono kwa mikono miwili. Labda, aliwaza Adija, kuna msichana Kibondo ambaye mimba yake inamkimbiza huyu bwana. Na labda mtaa wote unajua.

Aliyeitoboa siri ni Baba mdogo Omary, ndugu yake Mzee Khatibu, aliyefika kutoka Ujiji adhuhuri moja, viatu tope tupu. Mzee alikuwa msikitini. Omary alilizunguka duka, akagusa rafu, akapima upana wa mlango kwa macho.

"Hapa panafaa kupanuliwa," akasema. "Nikihamia, nitavunja ukuta huu."

"Uhamie? Baba anakwenda wapi?"

Omary aligeuka. Uso wake ulipauka alipotambua alichokisema. "Kumbe wewe... Adija, mwanangu, hawakukwambia? Daktari wa Nairobi alisema mzee hamalizi masika. Tunajua sote. Mwajabu anajua. Mchumba wako ndiye aliyeambiwa kwa mdomo wa daktari."

Adija aliweka mkasi mezani taratibu sana. Kisha akatoka kwenye mvua, kichwa wazi, hadi posta.

"Niunganishie Kibondo, hospitali."

"Adija, umelowa chepechepe! Mistari leo ni mibovu..."

"Esteri. Niunganishie."

Walipompata Isihaka, foleni yote ya posta ilikuwa imegeuka kumtazama.

"Mpenzi! Leo si siku yetu..."

"Baba yangu anakufa lini?"

Waya ulivuma.

"Jibu, Bwana Tabibu! Ulinipangia harusi kama mtu anayewahi basi! Mimi nakaa hapa nachagua kitambaa cha gauni, nagombana na shangazi juu ya wapishi, na ninyi nyote mnanitazama, mnanihurumia! Nilikuuliza amepona, ukaniambia kichwa kimetulia. Kichwa kimetulia! Nilikulilia kifuani kwa furaha, na wewe ukaniacha nilie!"

"Adija, nisikilize..."

"Kesho utanisikiliza wewe."

Alikata.

Asubuhi alipanda lori la maharage lililokuwa likielekea Kibondo. Dereva, Kipriani, alimwamkia kwa Kiha, "Mwakeye," akaona jinsi alivyokaza taya, akaendesha bila kumsemesha tena. Lori liliteleza, likakwama, likasukumwa. Adija alishuka akasukuma pamoja na wanaume, gauni limefungwa fundo, tope usoni. Hata tope alilikasirikia.

Alimkuta Isihaka kwenye veranda ya hospitali, koti jeupe, wagonjwa wamejipanga kwenye mabenchi. Hakungoja kuitwa. Isihaka alimpeleka nyuma ya jengo, kwenye mikaratusi iliyokuwa ikidondosha maji.

"Sema yote," Adija akamwamuru. "Ulivyoambiwa, usipunguze."

Isihaka alisema. Daktari wa Nairobi alikuwa mzee mpole ambaye alikwisha kuwatibu wengi wa namna hiyo. Baada ya mionzi alimwita pembeni akamweleza jinsi wanavyokisia. Wanatazama umri wa mgonjwa. Wanatazama kama uvimbe wa kifuani bado unakua, na kama ugonjwa umefika pengine, kwenye ini, kwenye mifupa. Zaidi ya yote wanatazama kama mgonjwa anaweza kuvaa, kula na kutembea mwenyewe, au anafanyiwa.

"Mzee hana ugonjwa kwenye ini. Anatembea. Hayo yanamsaidia. Lakini ana umri, na kifua kile hakijatulia. Daktari akasema, wengi walio kama yeye hufika miezi mitatu, minne. Akaniambia pia kwamba wapo wanaokufa kabla, na wapo wanaopita, na hajui huyu ni yupi."

"Na wewe ukachukua ile mitatu, minne, ukaijengea harusi."

"Nilitaka akuone umeolewa!"

"Ulimwuliza nani? Mimi nilikuwa wapi?"

"Aliniapisha, Adija! Juu ya meli, katikati ya ziwa, ameshika mkono wangu. Akasema, umwambie yeyote, lakini binti yangu usimwambie. Unafikiri nimelala usingizi tangu siku ile? Nami nina hasira! Nina hasira na ule uvimbe, na yule daktari, na mzee mwenyewe aliyenitwika mzigo huu. Kila ukicheka kwenye simu mimi huku najiuma vidole!"

"Basi ungevitumia hivyo vidole kunibonyeza mkono, hata kama mdomo umeapa." Adija alivua mkononi bangili ya uchumba, akaitia katika mfuko wa koti lake. "Uchumba umekufa. Huu haukuhitaji daktari wa kuutabiria."

Akarudi kwenye lori. Isihaka aliita jina lake mara nyingi, wagonjwa wakisikia.

Ilibaki hasira moja, kubwa kuliko zote, nayo Adija aliibeba hadi Kasulu. Alimkuta baba yake dukani, amepanda kiti, anayapangua majora yote aliyoyapanga yeye.

"Nani amekuruhusu kuweka nguo ya doria karibu na dirisha?" mzee akafoka. "Jua litaichujua!"

"Kwa nini hukuniambia unakufa?"

Mzee Khatibu alishuka kwenye kiti polepole. Adija alitaraji atajitetea, au atalia. Mzee alikasirika.

"Kwa sababu hiyo! Nitazame! Tayari umebadilisha macho! Mwajabu ananipa chakula kama anamlisha maiti. Imamu ananishika mkono kwa mikono miwili. Omary anapima ukuta wangu! Wote wamenizika, nabaki nazunguka tu. Katika nyumba hii nilibakiwa na mtu mmoja anayeniita mkaidi, anayeninyang'anya sigara, anayenipigia kelele juu ya redio. Mmoja! Nilitaka anione mimi, asione jeneza. Ni kosa?"

"Ni kosa!" Adija alipiga meza kwa kiganja. "Ni kosa, Baba, kwa sababu ni haki yangu! Yapo mambo ningekuuliza! Habari za mama sijui hata nusu! Ulitaka niyaulize kaburi?"

Wakakaa wanatazamana, wote wawili wanahema. Kisha mzee akasema, kwa sauti ndogo iliyojaa ukali bado, "Basi uliza. Lakini kwanza toa doria dirishani."

"Sitoi."

"Mkaidi."

"Nimekurithi wewe."

Ndivyo walivyoishi tangu siku hiyo. Adija aliuliza, mzee akajibu: jinsi alivyomwona mama yake gulioni Ujiji, jinsi alivyokataliwa na wazazi wa mama yake akarudi tena na tena. Kila jibu liliishia katika ugomvi, na kila ugomvi ulimtia mzee nguvu ya kuvaa kanzu yake mwenyewe, kufungua milango ya duka mwenyewe. Adija aliumia alipojilazimisha kufoka, na siku nyingine alikwenda kulia chooni, akanawa uso, akarudi kufoka.

Masika yakaisha. Matope yakakauka, mashamba yakavunwa. Baba mdogo Omary akaja tena kutoka Ujiji, safari hii na kanzu nyeupe ya msiba kwenye begi, akamkuta marehemu amekaa mlangoni anakunywa kahawa.

"Umekuja kunizika au kunisalimia?" mzee akamwuliza.

"Kukusalimia, kaka, Wallahi..."

"Basi nisalimie, halafu uende zako. Na ukuta huu ukiugusa, nitakutokea!"

Adija alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akakumbuka kwamba mtu ambaye angependa kumsimulia kichekesho hicho yuko Kibondo, na kicheko kikageuka uchungu mkali. Isihaka alikuwa anapiga simu kila juma. Kila juma Esteri alituma mtu kumwita, na kila juma Adija alikataa kwenda.

Kiangazi kilipokuwa katikati, na moshi wa mashamba yanayochomwa umetanda juu ya vilima, mguu wa mzee ukaanza tena kuburuzika. Kisha mkono ukalegea. Kisha maneno yakaanza kumpotea: alitaka kusema chai, akasema paka, akakasirika, akavunja kikombe. Adija ndiye aliyekwenda posta safari hiyo.

"Njoo kwa mgonjwa," akasema kwenye simu. "Kwangu usije."

Isihaka alifika kesho yake, amepauka kwa vumbi la lori. Akamgeuza mzee, akamsafisha, akampa dawa ya kupunguza maumivu, akamfundisha Shangazi Mwajabu namna ya kumlisha uji asipaliwe. Kwa Adija hakusema ila salamu. Akawa anakuja na kurudi hivyo, na macho yakamwingia ndani.

Mchana mmoja Adija alimzuia uani, karibu na kamba ya nguo.

"Amebakiwa na muda gani?"

Shangazi Mwajabu, aliyekuwa anaanika shuka, akamkonyeza Isihaka anyamaze. Isihaka aliliona hilo jicho. Akamgeukia Adija, akamtazama usoni.

"Sijui kwa hakika. Lakini tangu jana anameza kwa shida, na usingizi wake si wa kawaida. Nadhani ni siku chache. Usiende mbali na kitanda. Kama una neno la kumwambia, mwambie leo, hata akiwa amefumba macho. Huenda bado anasikia."

Yalikuwa maneno makali kuliko yote aliyopata kuambiwa, na Adija aliyapokea kama mtu aliyepewa maji. Aliingia ndani, akakaa kitandani kwa baba yake.

"Baba, doria nimeitoa dirishani," akamwambia sikioni. "Imechujuka kweli. Lakini sitasema kwamba ulikuwa sahihi."

Upande mmoja wa mdomo wa mzee ulipanda juu. Walioshuhudia wanasema kilikuwa kicheko.

Alifariki kabla ya swala ya Ijumaa. Akazikwa jioni hiyo, na Isihaka alikuwa miongoni mwa walioshuka kaburini kumpokea.

Arobaini ilipopita, Isihaka alikuja dukani. Alisimama mbele ya meza kama mteja asiyejua anataka nini.

"Bado nina hasira na wewe," Adija akasema, akikata kitambaa bila kuinua uso.

"Najua."

"Na Baba nina hasira naye pia. Yeye kaenda zake, mimi nimeachwa nayo."

"Nipe nusu niibebe."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Nimekuja kukusikiliza. Fokea unavyotaka, sina safari."

Adija alifoka. Alifoka mpaka wateja wawili wakageuza njia. Alimwambia juu ya mvua ile, juu ya tope la njiani, juu ya kulia chooni. Isihaka hakujitetea hata kwa neno moja, na mwishoni alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima, mchana kweupe, na Adija hakumpa hata leso. Alimpa kiti.

"Kile kiapo," akasema alipopata pumzi, "tukioana utakiapa tena kwa mtu mwingine?"

"Sitaapa."

"Watakuja tu. Mimi nikiugua, shangazi atakuvuta pembeni. Daktari atakuvuta pembeni. Watasema, usimwambie mkeo, atavunjika moyo."

"Nitawaambia wa kwanza kujua ni mke wangu."

"Hilo usiniambie mimi hapa. Utalisema mbele ya wazee."

Wazee wa Kibondo wakaja upya, wamevaa koti juu ya kanzu kwa baridi ya milimani, na Baba mdogo Omary akakaa mahali pa baba. Baada ya dua na mahari kukubaliwa, Isihaka akaomba ruhusa ya kunena. Akasema kwamba anamchukua Adija kwa sharti moja la Adija mwenyewe: likitokea jambo la mwili wake au la uhai wake, asifichwe, kwa kiapo cha yeyote.

Omary alikohoa, akarekebisha kofia. "Mwanangu, maneno ya ugonjwa na mauti hayasemwi katika posa."

Kutoka nyuma ya pazia sauti ya Adija ikatoka kali, ikasikika hadi barabarani:

"Yanasemwa!"